Sura ya Saba: Pesa Imekatwa, Haijafika

"Kwangu imeshakatwa, yeye anasema hajaiona. Sasa iko wapi?"

Mawakala wa pesa za simu wanaulizwa swali hili kila siku, na mwisho wa mwezi wanaulizwa zaidi. Huwa linaambatana na haraka. Mtoto amezuiwa getini kwa sababu ya ada, au mgonjwa yuko dirishani anasubiri dawa, na shilingi 80,000 zimeondoka kwenye salio la mmoja bila kuonekana kwa mwingine. Mtaani majibu ni mawili: ama kampuni imeila, ama mtandao umeimeza.

Yote mawili hayaelezi kilichotokea. Mara nyingi pesa hiyo imeandikwa vizuri kabisa kwenye kumbukumbu za mtambo fulani. Kilichopotea ni taarifa: upande mmoja haujui upande wa pili umefikia wapi. Sura hii inafuata safari ya amri moja ya kutuma pesa ili kuonyesha inakwama wapi, mitambo inafanya nini ikikwama, na kwa nini mteja anayerudia kutuma anaweza kujiumiza wakati mtambo unaorudia hauleti madhara.

Amri moja, vituo vingi

Mteja wa M-Pesa wa Tanzania anayebonyeza *150*00# anafungua kikao, yaani mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu yake na mtambo wa kampuni. Menyu inakuja, anachagua, menyu nyingine inakuja. Mazungumzo haya hayasubiri mtu. Mnara ukiyumba, au mteja akichelewa kuandika namba ya siri, kikao kinafungwa na kilichokuwa kwenye kioo kinatoweka.

SMS haiko hivyo. Ikitumwa kwa simu iliyozimwa, inahifadhiwa kwenye kituo cha kampuni mpaka simu iwashwe. Ndiyo maana mtu anaweza kuona menyu imekatika katikati, akakata tamaa, kisha dakika chache baadaye ikaingia SMS inayosema muamala umethibitishwa. Amri yake ilikuwa imeshafika. Kilichokatika ni mazungumzo tu.

Nyuma ya menyu kuna kazi kubwa zaidi. Mtambo unakagua namba ya siri, salio na kiwango cha juu cha siku, unapunguza salio la mtumaji, halafu unapeleka ujumbe kwa benki, kwa shirika la umeme au kwa kampuni nyingine ya simu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mtumaji na mpokeaji wote walikuwa ndani ya mtambo mmoja. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel ziliruhusu wateja wao wa Tanzania kutumiana pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Wananchi walipumua. Lakini safari iliongezeka vituo, na kila kituo ni mahali ambapo ujumbe unaweza kukwama.

Neno "muamala" lina maana ya kitaalamu inayofaa kushikwa hapa. Muamala ni kundi la hatua ambazo ama zote zinatimia, ama haitimii hata moja. Kupunguza 80,000 kwa mtumaji na kuongeza 80,000 kwa mpokeaji ni hatua mbili za muamala mmoja. Ikitimia ya kwanza peke yake, kuna mtu ameibiwa. Misingi ya kanuni hii katika kompyuta iliwekwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Ndani ya mtambo mmoja, kanuni hiyo inatimizwa bila shida kubwa. Shida inaanza pale hatua ya kwanza inapokuwa kwenye kampuni moja na ya pili kwenye kampuni nyingine, na kati yao kuna waya unaoweza kukatika.

Kimya si jibu

Mama amemtuma mtoto dukani kununua kilo ya sukari. Nusu saa imepita, mtoto haonekani. Huenda hajafika dukani. Huenda amefika na amekuta foleni. Huenda ameshanunua na amesimama njiani kutazama mpira. Mama akimtuma mdogo wake na pesa nyingine, jioni anaweza kujikuta na kilo mbili. Asipomtuma, chai inaweza kunywewa bila sukari. Kwa aliyekaa jikoni, hali zote tatu zinafanana.

Mtambo uliotuma ujumbe na kusubiri sekunde 30 bila jibu uko katika hali hiyo hiyo:

- huenda amri ilipotea kabla ya kufika;
- huenda imefika na inasubiri zamu;
- huenda imetekelezwa, na jibu ndilo lililopotea njiani.

Wataalamu wa kompyuta walilitafakari jambo hili tangu miaka ya 1970. Gray alilieleza kwa mfano wa majenerali wawili walio juu ya vilima viwili, wanaotaka kushambulia kwa pamoja lakini mjumbe wao anaweza kukamatwa bondeni. Wa kwanza anapeleka saa ya kushambulia. Wa pili anajibu "nimepata". Lakini wa pili hajui kama jibu lake limefika, kwa hiyo anahitaji kuthibitishiwa, na uthibitisho huo nao unahitaji uthibitisho. Imethibitishwa kihesabu kwamba ikiwa ujumbe unaweza kupotea, hakuna idadi ya majibu itakayowapa wote wawili uhakika kamili.

Hapa ndipo huduma nyingi zinapowakosea watu. Mtambo usio na jibu unamwandikia mteja "muamala umeshindikana", wakati ukweli ni kwamba haujui. Mteja anaamini, anatuma tena, na baada ya robo saa zote mbili zinafika. Sentensi ya haki katika hali hiyo ni "muamala wako unashughulikiwa, usirudie". Haimfurahishi mtu mwenye haraka, lakini haimdanganyi.

*Kwa kifupi: kukosa jibu si sawa na kukataliwa. Mtambo mzuri unatofautisha "hapana" na "sijui", na unamwambia mteja hivyo.*

Zinazopita na zisizopita

Si kila hitilafu inastahili kujaribiwa tena. Barua pepe ililijua hilo mapema. Kanuni zake za mwaka 1982 zinaitaka seva inayopokea, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ijibu kwa tarakimu tatu. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "sasa hivi siwezi, rudi baadaye". Linaloanza na 5 maana yake ni "usirudi, haitawezekana". Kwa hiyo 450 ni sanduku la barua lisilopatikana kwa muda, na 550 kwa kawaida ni anwani isiyokuwepo. Akipata 4, mtumaji anashauriwa angoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na aendelee kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa.

Kwenye pesa, mgawanyo ni ule ule. Salio halitoshi, namba ya siri si sahihi, akaunti imefungwa: hata ukijaribu mara mia, jibu halitabadilika. Lakini waya uliokatika kwa sekunde mbili, seva iliyozidiwa, au programu mbili zilizogombea mstari mmoja wa hifadhidata kwa wakati mmoja ni mambo yanayopita yenyewe. Hizi ndizo zinazoitwa hitilafu za muda.

Ni nyingi kiasi gani? Mwaka 1985, Gray akiwa katika kampuni ya Tandem iliyotengeneza kompyuta za benki, aliandika kuhusu kumbukumbu za programu za kupanga kazi za kuchapisha kutoka mifumo kadhaa. Kila programu ilikuwa na pacha: moja ikianguka, nyingine inaichukua kazi ile ile na kuirudia. Kati ya hitilafu 132 za programu zilizohesabiwa, ni moja tu iliyomwangusha pacha pia. Nyingine 131 hazikutokea tena kazi iliporudiwa. Kujaribu upya, jambo linaloonekana kama ujinga wa kubonyeza bila kufikiri, lilikuwa tiba ya karibu kila kitu.

Tiba hiyo ina sharti moja, nalo ndilo kiini cha sura hii.

Namba inayozuia kulipa mara mbili

Mteja anapobonyeza "thibitisha", mtambo unaipa amri yake namba ya kipekee na kuihifadhi kabla ya kutuma chochote. Baada ya hapo, kila mara amri hiyo inaporudiwa, inakwenda na namba ile ile. Upande unaopokea una daftari la namba ulizokwisha kuzishughulikia. Ukiikuta namba mpya, unatekeleza. Ukikuta namba iliyomo daftarini, hautekelezi tena; unarudisha jibu lile lile lililotolewa mara ya kwanza.

Hilo la mwisho linapuuzwa na waandishi wengi wa programu. Mtambo wao unajibu "hitilafu: namba imeshatumika". Aliyetuma, ambaye jibu la kwanza halikumfikia, anasoma "hitilafu" na kumwambia mteja kwamba malipo yameshindikana, wakati yalifanikiwa. Jibu sahihi kwa swali lililorudiwa ni "nimelipa, na risiti yako ni hii", kama vile ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Mfano ulio karibu zaidi umefungwa ukutani kwenye nyumba nyingi za Tanzania: mita ya LUKU. Anayenunua umeme anapewa tokeni ya tarakimu 20. Akiziingiza, uniti zinaongezeka. Akiziingiza tena, hata kwa bahati mbaya, mita inakataa kwa sababu inakumbuka. Haina haja ya kuuliza makao makuu wala ya kuwa na mtandao. SMS ya tokeni ikichelewa na shirika likaituma mara tatu, mteja anapata tarakimu zile zile mara tatu, na uniti zinaingia mara moja tu.

Kumbukumbu hiyo imejengwa juu ya saa. Chini ya mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita hizi, ndani ya kila tokeni kuna muda ilipotengenezwa, uliohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, na dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo, wateja wa TANESCO, wa Kenya Power na wa mashirika mengi duniani walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada ili kuipa mita mwanzo mpya wa hesabu. Wengi walilalamika kwa usumbufu, na malalamiko yao yanaeleweka. Lakini bila zoezi hilo, mita ingeziona tokeni mpya kama za zamani, na kuzikataa.

Sasa inaonekana kwa nini mteja na mtambo hawarudii kwa namna moja. Mtambo ukirudia, unarudia amri ile ile yenye namba ile ile. Mteja akifungua menyu upya na kutuma 80,000 nyingine, anapewa namba mpya. Kwa upande wa pili hilo ni ombi jipya kabisa, na hauna sababu ya kulitilia shaka. Baadhi ya huduma zimeweka kinga ya kuuliza au kukataa pale kiasi kile kile kinapokwenda kwa mtu yule yule ndani ya muda mfupi, na ni kinga ambayo kila huduma ilipaswa kuwa nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kurudia:

1. Angalia salio, halafu angalia orodha ya miamala ya karibuni. Usitegemee SMS peke yake. Nayo inaweza kuchelewa.
2. Mwombe mpokeaji aangalie salio lake, kwa sababu hiyo hiyo.
3. Hifadhi namba ya kumbukumbu ya muamala, saa na kiasi. Mhudumu atatafuta kwa namba hiyo kabla ya kitu kingine.
4. Usimpe namba ya siri mtu yeyote anayepiga simu akidai anakusaidia kukwamua muamala. Kukwamua hakuhitaji namba yako ya siri.

Subira yenye hesabu

Kurudia kukiwa salama, linabaki swali la lini. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Masafa ya kutumia yalikuwa ya pamoja. Wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, ujumbe wa wote uliharibika. Wangesubiri muda sawa, wangegongana tena. Suluhisho lilikuwa kila mmoja angoje muda wa kubahatisha. Robert Metcalfe, aliyebuni mtandao wa Etheneti huko Xerox mwaka 1973, aliongeza jambo: kila mgongano unapojirudia, kikomo cha kusubiri kinaongezwa mara mbili. Katika kanuni za Etheneti zilizofuata, baada ya majaribio 16 mtumaji anaacha na kutoa taarifa.

Mitambo ya malipo imerithi desturi hiyo. Inajaribu baada ya sekunde moja, halafu mbili, nne, nane, na kila mara inaongeza kipande kidogo cha kubahatisha ili maelfu ya amri zilizokwama pamoja zisirudi pamoja.

Madhara ya kurudia kwa pamoja yanaonekana katika tukio la tarehe 20 Septemba 2015, katika vituo vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani. Hifadhidata ya kampuni hiyo iitwayo DynamoDB ina seva nyingi za kutunza data, na seva hizo huuliza huduma moja ya ndani ni sehemu gani ya data iliyo yao. Mtandao uliyumba kwa muda mfupi. Uliporudi, seva nyingi ziliuliza kwa pamoja. Majibu yalikuwa yamekua makubwa kuliko zamani, yakachelewa kupita muda uliowekwa, seva zikahesabu kwamba zimeshindwa, zikauliza tena. Huduma ile ikatumia nguvu zake zote kutayarisha majibu ambayo hayakuwa na wa kuyapokea kwa wakati. Mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wahandisi hawakuweza hata kuongeza uwezo. Ilibidi kwanza wasimamishe maswali, kisha waongeze uwezo, ndipo wafungue tena. Hitilafu ya muda mfupi ilizaa takriban saa tano za matatizo.

Foleni, na ujumbe wenye sumu

Ili amri isipotee seva inapozimika, mitambo mingi inaiweka kwenye foleni, yaani ghala la ujumbe unaosubiri kazi. Programu inayoshughulikia inachukua ujumbe, lakini foleni haiufuti. Inauficha tu kwa muda. Kwenye huduma ya foleni ya Amazon, muda huo ni sekunde 30 usipobadilishwa. Programu ikimaliza, inatoa taarifa na ujumbe unafutwa. Ikifa katikati, muda unaisha, ujumbe unaonekana tena na programu nyingine inauchukua. Huenda ya kwanza ilikuwa imeshalipa kabla ya kufa. Daftari la namba ndilo litakalomwokoa mteja.

Kuna ujumbe ambao hauponi kwa kurudiwa. Pengine jina lina herufi ambayo programu haiwezi kuisoma, na kila programu inayougusa inaanguka. Huu unaitwa ujumbe wenye sumu. Dawa yake ni kuhesabu majaribio na, yakifika idadi iliyowekwa, kuuhamishia kwenye foleni ya pembeni. Kwa Kiingereza foleni hiyo imepewa jina la barua mfu, lililotoka posta: Marekani ilianza ofisi ya barua zisizoweza kufikishwa mwaka 1825, na makarani wake walizifungua kutafuta dalili ya mwenyewe.

Foleni ya pembeni isiyo na karani ni hatari kuliko isiyokuwepo. Mtambo unaonekana mzima, takwimu zinapendeza, na shilingi 80,000 za mtu zimelala humo wiki nzima kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzitazama kila asubuhi.

Kwa nini rejesho linachelewa

Seva ikizimika ghafla, inapoamka inasoma shajara yake. Shajara ni kumbukumbu ya kila hatua, iliyoandikwa kabla ya hatua yenyewe kufanywa. Miamala iliyothibitishwa inakamilishwa. Iliyokuwa katikati inafutwa kama haikuwahi kuanza.

Kati ya kampuni mbili haiwezekani kufuta hivyo, kwa kuwa hakuna inayomiliki shajara ya mwenzake. Mwaka 1987, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walipendekeza kwamba kazi ndefu igawanywe kuwa miamala midogo, na kila mmoja uwe na muamala wa kuutengua. Ndiyo maana pesa inaporudishwa inakuja na SMS yake na namba yake. Makato ya kwanza yanabaki kwenye orodha, na chini yake panaonekana rejesho.

Wateja huuliza kwa nini makato ni ya sekunde moja na rejesho ni la siku kadhaa. Tuseme kampuni ya mtumaji inarudisha mara moja, wakati amri bado iko kwenye foleni ya kampuni ya pili. Foleni ikifunguka, mpokeaji naye analipwa, na 80,000 moja inakuwa mbili. Kwa hiyo kampuni ya kwanza lazima iulize: unaifahamu namba hii? Ikijibiwa "nimelipa" au "nimekataa", mambo yameisha. Ikijibiwa "siijui", bado haiwezi kurudisha, kwa kuwa amri inaweza kuwa njiani. Inabidi ipate ahadi kwamba namba hiyo ikifika baadaye itakataliwa. Ahadi hiyo ikishaandikwa, rejesho ni salama.

Hatua hii inaweza kufanywa na mitambo yenyewe kwa dakika chache, na wateja wana haki ya kuidai. Pale ambapo haijajengwa, kazi inasubiri ulinganisho wa hesabu: kampuni hizo mbili zinabadilishana orodha za miamala ya siku, zinapanga namba kwa namba, na kila isiyo na mwenzake inaandikwa kwenye orodha ya tofauti. Maofisa wa pande zote mbili wanaishughulikia moja moja, kwa simu na barua pepe, mpaka ipate mwenyewe.